Zaka ya Lori

Mliokaa nyuma mnanisikia? Haya. Nimeshawasalimu mlangoni wakati navua makubadhi, na naomba salamu ile iwatoshe nyote, maana nikianza kusalimia mmoja mmoja nitapata kisingizio cha kuvuta wakati mpaka Magharibi iingie, na nililoitiwa nisiliseme.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu hii ya akiba ameniomba nisimame nisimulie yaliyonipata mimi na mali ya mayatima. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wamo humu barazani, wengine wameshatangulia mbele ya haki. Jina langu mnalijua, basi aibu iwe yangu mie peke yangu.

Na niwaambie mapema, mie si mtu jasiri. Mnaniona mkubwa wa mwili na mkali wa maneno, na madereva wa njia ya Mkoani wanajua nilivyokuwa nikiwatukana tukipishana pembeni mwa mitaro. Lakini kwa miaka sita, ndugu zangu, nimeishi na hofu tumboni, na kipande chake kingali kimo hivi ninavyosimama.

Mwaka wa hamsini na saba kaka yangu alianguka mkarafuu. Alikuwa na duka la nguo hapa Mtambile, hakuwa na haja ya kupanda miti, lakini msimu ukiingia alikuwa hawezi kujizuia. Tawi lilikatika naye akiwa juu. Alikaa siku tatu. Siku ya tatu alinishika mkono mbele ya mkewe na majirani wawili, akasema, "Wanangu nakuachia weye." Nikaitikia. Mtu anayekufa humwitikia tu, hukai ukafikiri unajitia nini shingoni.

Aliacha mke na watoto wawili, binti wa miaka kumi na mmoja na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Duka liliuzwa, wadai wakalipwa, mjane akapewa thumni yake, na fungu la watoto likabaki shilingi elfu nane. Tukaenda Chake Chake kwa kadhi. Alizihesabu fedha zile mezani mbele ya mashahidi, akanambia hii ni amana. Siku binti atakapotimiza miaka kumi na saba, mali yote irudi juu ya meza ile ile igawiwe. Yeye apewe lake, na fungu la mdogo wake litafutiwe mtu wa kulishika. Akaongeza kwamba anataka kuiona haikupungua.

Nilipotoka pale nilikwenda kwa Shehe wetu kumwuliza nizifanye nini fedha zile, nizifukie au vipi. Shehe akanieleza kwamba mali ya yatima nayo inatolewa zaka, fungu moja katika arobaini kila mwaka. Ukiiacha imekaa tu, zaka itaipunguza. Bora uifanyie biashara ipate kujizidishia. Nikahesabu kwa vidole. Mwaka wa kwanza mia mbili, mwaka wa pili mia na tisini na tano, maana hapo unakata katika kilichobaki. Nikaiona mali ya kaka yangu inavuja. Nikashikwa na hofu, yakhe, hofu ya shilingi mia mbili. Chekeni, mna haki.

Wakati ule palikuwa na mtu Chake anauza lori. Bodi ya mbao, mabenchi ubavuni, linachukua abiria na gunia za karafuu pamoja. Anataka elfu nane. Nililiona kama nimeletewa mimi. Nikamlipa kabla mwaka wa zaka haujatimia, na njiani narudi naendesha, naimba.

Sasa kosa langu lipo hapa, na ni kosa la mtu wa karafuu. Siye tumezaliwa tukijua mali ni mti. Unauchuma mwaka huu, unauchuma mwaka ujao. Mwaka mmoja unazaa sana, mwaka mwengine haba, lakini shina liko palepale, na mtu akija kuuliza bei ya shamba huhesabu mashina. Babu yangu alipanda miti ile ile ninayoipanda mie. Basi nami nikalihesabu lori kama shina. Nauli nikaiita mavuno. Nikasema mavuno tutakula, na shina litabaki elfu nane mpaka siku ya kadhi.

Mwaka wa kwanza tulikula kweli. Watoto wa kaka yangu walivaa vizuri Idi zote mbili. Petroli ilinunuliwa, tairi zilinunuliwa, springi zilibadilishwa, nami nikajilipa ujira wa udereva. Mwisho wa mwaka hapakubaki hata senti, na sikujali. Akaja mfanyabiashara mmoja wa Chake, mnunuzi wa magari makukuu. Alilizunguka lori, akagonga bodi kwa kidole, akachungulia chini, akasema akilitaka atatoa elfu sita. Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Shehe.

Mwaka wa pili zikapamba moto siasa. Mnakumbuka ilivyokuwa, na wengine bado mnayo hayo. Mtu hapandi gari mpaka ajue dereva yuko upande gani. Mie sikuwa upande wowote, na nikakuta hilo ndilo baya kuliko yote, maana pande zote mbili zilinikimbia. Nikaanza kutafuta riziki mbali, nikalipeleka lori njia za Wingwi. Wenye kuzijua njia zile nyakati za mvua nawaona wanatikisa vichwa. Springi zikavunjika, bodi ikaachana na mbao zake. Mfanyabiashara yule akaja tena, akasema elfu nne na mia tano. Safari hii sikumtukana. Nilikaa kwenye kidato cha lori mpaka akaondoka.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ya mtu asiyejua hesabu vizuri ni mbaya kuliko hofu ya asiyejua kabisa. Mie nilijua kidogo. Nikasema miaka miwili imekula elfu tatu na mia tano. Miaka minne iliyobaki itakula elfu saba. Na lori lenyewe ni elfu nne na nusu. Kwa hiyo siku ya kadhi nitasimama mikono mitupu, na mtoto wa marehemu ananitazama. Nilikaa na hesabu ile mwaka mzima, sikumwambia mtu. Ningaliuza siku ile ile. Lakini kuuza ni kukubali, nami sikuweza kukubali.

Chakula kikanishinda. Yule binti akija kuniletea salamu za mama yake, akisema "Ami, shikamoo," mie natafuta kazi ya kufanya chini ya injini. Ijumaa moja imamu alisoma katika sura ya Nisaa, akafika pale panaposemwa kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Nilisali sala ile sijui nimesema nini. Aliposalimu sikungoja dua. Nilitoka mbio, nikafika nyumbani ndipo nikaona nimevaa kubadhi langu mguu mmoja na la mtu mwengine mguu wa pili. Mwenye kubadhi lile yumo humu, ananicheka. Sikulirudisha kwa wiki nzima kwa sababu niliogopa kurudi msikitini.

Kisha Shetani akanitengenezea njia. Ya kwanza alinambia lori litumbukie bondeni, niseme ni kudra ya Mwenyezi Mungu, nani atanidai ajali? Nilikwenda hata kuutazama mteremko wenyewe. Nikarudi bila kutazama nyuma, kwa sababu niliuona unafaa.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana ilivaa nguo ya heshima. Binti alikuwa ameshafika miaka kumi na minne. Mwanangu wa kiume ana ishirini. Nikajiambia nikimwoza kwa mwanangu, mali imebaki nyumbani. Binti gani atakwenda kwa kadhi kumdai baba mkwe wake? Na mdogo wake atakulia mikononi mwetu, atauliza nini? Wangapi humu mmeona jambo hilo likifanywa? Msijibu.

Basi asubuhi moja nikavaa kanzu safi nikaenda kwa shemegi yangu, mjane wa kaka yangu. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili. Nikaanza mbali. Nikasema mtoto amekua, dunia imeharibika, kijana wangu ana adabu, damu yetu moja. Nilisema sana. Yeye mkono hauachi kusuka. Nilipomaliza alikata ukili kwa meno, akauweka chini.

"Shemegi," akasema, "unataka kumwoza au unataka kumnyamazisha?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu lori. Lakini mwanamke anayeona lori la wanawe linapita kila siku, na kila siku linapiga kelele mpya, hahitaji kuambiwa. Nililia, mtu mzima na kanzu yangu. Nilimweleza yote, mpaka mteremko. Yeye naye uso ulimbadilika, akaogopa, nikamwona anavyoogopa. Akaniuliza limebaki kiasi gani. Nikamwambia sijui.

"Hujui au unaogopa kujua?"

"Naogopa."

"Basi leo tutaogopa sote wawili, lakini tutajua."

Akavaa buibui. Ana jamaa yake, mwalimu wa hesabu katika skuli moja upande wa Wawi, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamtimia. Tulimkuta uwani kwake anageuza karafuu juu ya jamvi. Mie nilitaka kumwambia kwa mafumbo. Shemegi yangu akamweleza kwa maneno kumi.

Kijana yule hakunilaumu. Aliniuliza kama najua kutoa zaka. Nikaudhika, nikamwambia najua tangu hajazaliwa. Akasema, "Mwaka wa pili unakata katika mali ya mwanzo au katika iliyobaki?"

"Iliyobaki."

"Basi hesabu hii unaijua. Lori lako nalo linatoa zaka kila mwaka. Ila lake si fungu la arobaini, ni robo nzima, na anayeipokea ni barabara."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekimbia fungu moja katika arobaini, nikakumbatia moja katika manne.

Akachukua karafuu kavu, akahesabu sitini na nne, akazitenga kwenye pembe ya jamvi. Hizi ndizo elfu nane, akasema. Akatoa robo, karafuu kumi na sita, akaziweka kando. Zikabaki arobaini na nane, ndiyo elfu sita ya mwaka wa kwanza. Akatoa robo ya hizo, kumi na mbili. Zikabaki thelathini na sita, ndiyo elfu nne na mia tano. Nikaona zinalingana na maneno ya mfanyabiashara, na mwalimu hakuwepo mfanyabiashara aliposema. Akatoa tena robo, tisa. Zikabaki ishirini na saba. Akaandika kwenye kibao cha mawe robo tatu, na begani mwake juu akaweka tatu ndogo, akasema ile ndogo inahesabu miaka, mara ngapi robo imetoka. Kisha akaandika elfu tatu, mia tatu na sabini na tano.

"Lori lako leo ni hilo," akasema. "Nenda kaulize."

Tulikwenda Chake siku hiyo hiyo. Mfanyabiashara yule alilizunguka lori kama kawaida yake, akagonga bodi, akasema elfu tatu na mia nne, wala haongezi. Kijana ambaye hajapata kupanda lori langu alikuwa ameiandika bei yake kwenye kibao kabla ya mnunuzi kufungua mdomo. Nilihisi miaka yote iliyobaki imeshaandikwa vilevile mahali fulani, na mie ndiye niliyekuwa sitaki kusoma. Nilirudi kwa mwalimu nikamwuliza nikilingoja mpaka siku ya kadhi. Akasema haliishi lote kama nilivyodhani, kwa kuwa robo ya kidogo ni kidogo. Litabaki elfu moja na mia nne hivi. Nitakuwa na kitu cha kuonyesha, na hakitatosha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili nalisema polepole kwa sababu nimelisikia humu humu barazani. Nikamwambia mwalimu, nipe kitu kinachopanda robo kila mwaka. Kilichoshuka robo mara tatu, kikipanda robo mara tatu, tumelipana. Akazirudisha karafuu. Ishirini na saba, ongeza robo, ni thelathini na tatu na kipande. Ongeza robo tena, ni arobaini na mbili. Tena, ni hamsini na mbili na kidogo. Karafuu kumi na moja hazikurudi, na mie nazitazama pale kando ya jamvi. Shemegi yangu akasema taratibu, "Kwa hiyo robo haitoshi."

Mwalimu akavuta vile vichungu vya karafuu alivyovitenga kando mwanzo. Alichukua kile cha tisa akakirudisha juu ya ishirini na saba, zikawa thelathini na sita. Akarudisha cha kumi na mbili, zikawa arobaini na nane. Akarudisha cha kumi na sita, zikatimia. Vichungu ni vilevile. Lakini tisa ilikuwa robo ilipotoka katika thelathini na sita, na sasa inaporudi juu ya ishirini na saba ni thuluthi, na vile viwili vingine vilevile. Siye tunaogawa mirathi tunazijua robo na thuluthi tangu utotoni, na sikupata kuziona namna ile. Kwa hiyo, kwa miaka mitatu iliyobaki, tutafute kitu kinachopanda thuluthi kila mwaka. Niliuza lori. Nilipomkabidhi mnunuzi ufunguo niliushikilia mpaka akauvuta.

Mwalimu alisema ng'ombe. Tukaenda Wingwi kwa mama yake shemegi, Bi mkubwa aliyefuga maisha yake yote. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho na kibao chake, kisha akasema, "Mwanangu, weye hujapata kufuga. Ndama hazai mwakani. Hesabu yako yataka kila kilichozaliwa nacho kizae. Mbuzi ndo atakayekufikisha." Mwalimu akafuta kibao. Nilimpenda kwa hilo, kwa sababu mie mtu akinisahihisha hukasirika kwanza.

Kule Wingwi ukimpa mtu mbuzi akufugie, watoto wanaozaliwa mnagawana, huyu wako, huyu wangu. Bi mkubwa alihesabu wanaozaliwa, akatoa wanaokufa, akatoa fungu la mfugaji, akasema mwenye mbuzi watatu huongeza mmoja kwa mwaka, akijaaliwa. Thuluthi. Shilingi ishirini na tano kwa mbuzi mmoja, fedha zangu zikanunua mia na thelathini na sita. Tukawagawa katika nyumba ishirini na mbili. Mwalimu akaandika kwenye kibao, mwaka wa kwanza mia na themanini na mmoja, wa pili mia mbili arobaini na mmoja, wa tatu mia tatu ishirini na kitu. Hao ni elfu nane na ziada ndogo. Akanipa kibao chenyewe nikakae nacho. Chakula cha watoto kuanzia siku ile nilikitoa katika miti yangu thelathini ya karafuu, sikugusa mbuzi hata mmoja, ila wale wa zaka, ambao niliwatoa kwa moyo mkunjufu.

Mnadhani hofu iliondoka? Lori nilikuwa naliona. Mbuzi wako katika nyumba ishirini na mbili, sijui nani anawafungua saa ngapi. Nilikuwa nakwenda Wingwi kwa miguu kila mwezi kuwahesabu. Nikisikia mbuzi anakohoa, usiku huo silali. Wafugaji walinichoka, mmoja akaniuliza kama nawadhania wezi. Mwaka wa kwanza walifika mia na sabini na sita. Pungufu watano. Nikajipa moyo.

Mwaka wa pili ukaingia ugonjwa wa kukohoa, ukapita nyumba hadi nyumba. Nilikuta wanafukiwa. Walikufa wakubwa kumi na wanne katika wiki mbili, na mie nimesimama uwani kwa watu sina la kufanya. Ulipokwisha mwaka nilihesabu mia mbili na kumi na wanane. Nikachukua kibao nikarudi Wawi, nikamwambia mwalimu hesabu yako imenidanganya. Hakubishana. Alifuta namba ya zamani, akaandika mia mbili na kumi na wanane, akaongeza thuluthi. Mia mbili na tisini. Akaniambia siku ya kadhi utapungukiwa shilingi mia saba na hamsini, pengine zaidi, na leo una mwaka mzima wa kuzitafuta.

Nilirudi nyumbani na namba ile. Ilinitisha, lakini ilikuwa hofu yenye mipaka, naweza kuishika. Zamani nilikuwa naogopa kila kitu. Sasa naogopa shilingi mia saba na hamsini. Msimu ule mimi na mke wangu tulichuma wenyewe miti yetu yote, na kisha tukachuma kwa watu kwa ujira wa kila pishi iliyopimwa. Mimi niliyekuwa mwenye lori, napanda miti ya watu na madereva wanapita chini wananiita kwa jina. Walikuwa na haki, niliwatukana sana.

Siku ikafika, mwaka huu. Kadhi alikuwa ametuma watu wawili waadilifu Wingwi kuhesabu na kutia bei. Mbuzi mia mbili themanini na wanne, shilingi elfu saba na mia moja. Pungufu mia tisa. Mia saba na hamsini nilikuwa nazo kwenye kitambaa. Mia na hamsini zilizobaki mke wangu alikuwa ameshazipata kwa bangili zake, hakuniambia mpaka tuko njiani. Nikaziweka mezani. Kisha nikaomba ruhusa nikasema yote mbele ya kadhi, lori, mteremko, na ile posa. Nilikuwa natokwa na jasho mpaka kanzu imenishika mgongoni. Mayatima wote wawili walikuwepo, binti amekaa nyuma ya mama yake, na ndugu wengine wawili wa marehemu, watu wenye maduka, wasiopata kupoteza hata senti ya mtu.

Kadhi alimwuliza binti kama ameridhika na alichokiona mezani. Akasema ameridhika. Akamwuliza basi fungu la mdogo wake anataka alishike nani, maana ana miaka kumi na mmoja na safari bado ndefu. Mie niliinamisha kichwa nikawatazama wale wenye maduka miguuni.

Binti akasema, "Ami."

Kadhi akamwuliza ami yupi. Akanionyesha mie. Kadhi akamkumbusha kwamba huyu ndiye aliyepoteza zaidi ya nusu ya mali yenu. Na yule mtoto, ambaye nilitaka kumwoza ili anyamaze, akajibu mbele ya watu wazima wote, "Ndiye huyo. Yeye keshaogopa. Hawa bado."

Niliitikia kwa kichwa kwamba nimekubali, na hofu ikanirudia yote siku ile, ila safari hii nilikaa nayo wima.

Namshukuru shemegi yangu, aliyeniuliza swali moja akaniokoa na mambo mawili. Namshukuru mwalimu, na Bi mkubwa wa Wingwi aliyemsahihisha. Nawashukuru wafugaji walioniona msumbufu wakaendelea kuwafungulia mbuzi wangu asubuhi. Mke wangu sitamshukuru hapa, tutaonana nyumbani. Na nyinyi ninaowasihi ni hili tu. Kabla fedha ya mtu haijanunua kitu, ulizeni kitu hicho kila mwaka kinatoa fungu gani katika kilichobaki, au kinaongeza fungu gani juu ya kilichopo, na mhesabu mpaka mwaka wa mwisho hata kama mnaogopa. Na mkiona kinapungua, mwambieni mwenyewe siku hiyo hiyo, msingoje mwaka kama nilivyongoja mie.

Mtoto wa kaka yangu imembakia miaka sita. Kibao kimetundikwa ukutani kwangu, mkono wa kulia ukiingia, na idadi ya mbuzi wake naiandika upya kila mwezi. Mlango hauna kufuli. Nawaomba mje mkisome, mje mara kwa mara, na mkiona namba hamkuielewa mniulize mbele ya watu.